Parseli ya Pili Kutoka Kwenye Nguzo

14 Septemba, siku ya Mungu

Mvua ya kwanza imekuja leo, na imekuja na uchokozi. Mfereji wa bati wa Muzee Habarurema, jirani yangu wa upande wa juu, umetapika maji yote kwenye ukuta wangu. Nimegonga ukuta, nimeita, kimya. Mtu mwenye masikio makubwa namna ile hawezi kuniambia hasikii. Nikachukua beseni la maji niliyofulia nikamrudishia juu ya ukuta, pwaa! Na yeye aonje.

Baada ya misa Chance alinishika mkono. Yeye ndiye rais wa shirika letu, yaani sisi Wakatoliki wa avenyu hii tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba.

"Mama Mwalimu, parokia itafanya jubile mu Januari. Kila shirika italeta historia ya avenyu yake. Nani alifika wa kwanza, nani alijenga wapi, kabla ya volkano na nyuma ya volkano. Ni wewe tu ulibakia mwenye anajua."

Nilimjibu niko na kazi nyingi. Uongo mtupu. Tangu niache kufundisha shuleni kazi yangu ni kupika sahani moja na kuosha sahani moja. Nitaandika. Na nimenunua daftari hili la pili kwa ajili ya mambo yasiyofaa kusomwa kanisani.

16 Septemba

Mvua. Ukuta. Beseni.

19 Septemba

Nimeanza hivi: "Kabla ya volkano, avenyu yetu hapa Mapendo, Goma, ilianzia kwenye njia panda. Ng'ambo ya barabara, upande wa chini, kulikuwa na depo ya kahawa yenye ukuta mrefu. Upande wetu, parseli ya kwanza, yaani kiwanja cha kwenye kona, ilikuwa baa ya Mama Munezero. Ya pili ilikuwa ya Kataliko na mke wake Kanyere. Ya tatu, ya Habarurema."

Kanyere ni mimi. Imenichekesha kujiandika kama marehemu.

Nimeeleza pia namna tulivyorudi kutoka Gisenyi, tulikokimbilia, baada ya volkano. Mawe bado yalikuwa ya moto, soli za kandambili zikilainika. Hakuna nyumba, hakuna barabara, kila kitu cheusi. Nguzo moja tu ya umeme, ya chuma, ilikuwa imesimama. Wote tukasema ni ile ya kona, mbele ya baa ya Munezero. Tukafunga kamba pale na kupima parseli moja baada ya nyingine, kila mtu akarundika mawe kwenye mipaka yake. Hatukugombana hata kidogo. Leo watu wanauana kwa kipande cha ardhi, lakini siku zile tulipeana nafasi kama watu wanaokaribishana kwenye benchi.

21 Septemba, siku ya Mungu

Nimefagia kona.

Niiandike basi, maana kwenye historia ya shirika sitaiweka. Nyuma ya nyumba yangu, upande wa chini, kuna kona ambayo sijaitia simenti. Ni mawe ya volkano matupu. Nimeweka kopo la maua pale, na kila siku ya Mungu nafagia na kupiga magoti. Nilipima mwenyewe kwa hatua kutoka kwenye mpaka: hapo ndipo ilipokuwa veranda yetu. Hapo ndipo nilipomwacha Kataliko.

Alhamisi ile ya volkano, jioni, mbingu ikiwa nyekundu, nilimfunga Charline mgongoni na kumwambia mume wangu twende. Akakataa. Alisema volkano itapita upande wa pili, na wezi ndio watapita huku. Akaketi kwenye kiti chake cha chuma, mbele ya mlango. "Nendeni," akasema, "mimi nabaki kuangalia nyumba." Hakuna aliyemwona tena. Wengine walisema alionekana njia ya Sake. Mimi namjua. Mtu yule akisema anabaki, anabaki.

29 Septemba

Charline amepiga simu kutoka Kampala. Wimbo ni uleule.

"Mama, uzisha ile parseli. Kuko mufanyabiashara anaitaka. Ukuje huku, chumba iko tayari. Unabakia peke yako mu ile mambo ya Goma juu ya nini?"

"Siwezi kumuacha papa yako."

"Mama, Papa haiko pale. Pale kuko mawe."

Nilikata simu. Halafu nikajuta, nikampigia, ikawa inatumika na mtu mwingine. Nimelala bila kula.

3 Oktoba

Mvua kutwa. Mabeseni mawili: la nguo na la vyombo.

8 Oktoba

Aha! Choo cha Habarurema kimejaa maji na kubomoka. Nimemsikia akimweleza Chance barabarani. Hakusema neno juu ya mabeseni yangu, na hilo limenikera kuliko kama angenitukana. Atachimba shimo jipya karibu na ukuta wetu. Amepata vijana wawili wenye nyundo na baramini, yale mataimbo marefu ya kupasulia mawe.

10 Oktoba

Baramini tangu asubuhi. Ka, ka, ka. Glasi zangu zinatetemeka kabatini.

11 Oktoba

Ka, ka, ka. Mtu hawezi hata kusikiliza redio yake.

12 Oktoba, siku ya Mungu

Nimekwenda Katoyi kumwona Mama Munezero kwa ajili ya historia. Anakaa kwa mwanawe. Amenona, meno ameng'oa, mdomo bado uleule. Alinishika mikono yote miwili akanikalisha kitandani kwake.

"Kanyere! Wewe bado unaishi mu nyumba yangu?"

Nikamwambia mimi naishi kwangu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema nguzo ile haikuwa ya kona yetu. Nguzo yetu ilimezwa na moto, na iliyobaki ilikuwa ya ng'ambo, ya ukuta wa depo ya kahawa. Sote tulisogea parseli moja chini.

"Nilikuwaka na citerne kubwa ya maji nyuma ya baa, si unakumbuka? Nyuma ya volkano nikaitafuta. Nikachimbisha pale tulisema ni kwangu. Niliona nini? Changarawe! Barabara! Nilikuwa najenga baa katikati ya barabara, Kanyere. Njo maana nikauzisha nikakuja huku."

"Na hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kila mutu alikuwa ameisha kujenga. Na wewe ulikuwa umeisha kuweka maua yako."

Nilikunywa chai yake nikaondoka. Kichwa chake kimechoka, yule mama. Baa yake ilikufa kwa sababu alikuwa anachanganya bia na maji, hiyo ndiyo historia ya kweli.

13 Oktoba

Sikulala vizuri.

15 Oktoba

Mvua ya mawe. Kopo la maua limeanguka, nimelisimamisha. Beseni.

20 Oktoba

Nimepima tena kwa hatua kutoka kwenye mpaka hadi kwenye kona. Hesabu ni sawa. Lakini hatua zangu zinaanzia kwenye mpaka, na mpaka ulianzia kwenye nguzo. Mtu akianzia vibaya, hata apime vizuri namna gani anafika vibaya. Nilikuwa nawafundisha watoto hivyo ubaoni.

Kama hayuko hapa, mimi niko hapa kufanya nini?

27 Oktoba

Homa. Malaria, bila shaka. Nimelala mpaka saa nane bila kufungua dirisha. Ndipo nikasikia sauti ya jirani juu ya ukuta.

"Mama Charline! Uko?"

Nilijibu niko. Baadaye nikakuta mlangoni chupa ya chai ya tangawizi na mkate umefungwa kwenye gazeti. Hakungoja shukrani.

Nimekumbuka siku za masasi, mapema mwaka huu. Risasi zilipokuwa zinapita juu ya mabati, sauti ileile iliita juu ya ukuta ule: "Mama Charline, lala chini! Usisimame!" Aliita hivyo mpaka kulipokucha. Mimi sikumshukuru. Nadhani nilikuwa nimekasirika kwamba alisikia nikilia.

2 Novemba, siku ya wafu

Watu wote wamekwenda makaburini na maua na mishumaa. Nimewasikia wakipita, watoto wakiulizana nani abebe ndoo. Mimi sina pa kwenda, nina kona yangu tu. Nilipiga magoti, lakini sala haikutoka. Nilikuwa namsikiliza Munezero akicheka.

Baramini zilikuwa zimeanza. Baada ya muda zikanyamaza. Nikamsikia Habarurema akiwaambia vijana wake: "Leo muache. Mama iko na mutu wake pale. Mutachimba kesho." Akawalipa siku nzima wakaenda.

Basi alijua. Miaka yote hii alikuwa anajua kwa nini napiga magoti pale, na hakuniuliza hata siku moja.

4 Novemba

Mvua. Nilishika beseni, nikasita. Kisha nikamwaga. Mazoea.

11 Novemba

Mfanyabiashara wa Charline amekuja na gari lenye vioo vyeusi. Amezunguka nyumba, amekanyaga kona yangu kwa viatu vyake na kusema hapa atasimamisha ngazi, maana anataka nyumba ya ghorofa. Nilimfukuza kwa ufagio. Chance anasema avenyu nzima inacheka. Wacheke.

20 Novemba

Asubuhi baramini zilinyamaza ghafla. Halafu mtu akabisha kwenye lango. Alikuwa Habarurema, ameshika kofia mkononi, kifua kimejaa vumbi la mawe. Tangu tujenge hajawahi kubisha kwangu.

"Mama Charline, kuja uone kitu."

"Kitu gani?"

"Kuja tu."

Nilimfuata na kanga yangu ya jikoni. Shimo lao limefika chini ya mawe ya volkano, kina cha mtu mzima na zaidi. Vijana wamekaa pembeni, nyundo zimelala. Wakanishikia ngazi. Nilishuka, mimi na magoti yangu haya, na chini nikakanyaga kitu laini. Simenti. Simenti nyekundu.

Kijana mmoja akamwaga maji kidogo akafuta kwa mkono. Vikatokea viduara vyeusi vimepangwa: vifuniko vya chupa za bia, vimeungua, lakini vimebaki mahali pavyo. Nyota. Nyota ya mikono sita, mkono mmoja umepinda.

Kataliko aliitengeneza ile nyota kwenye veranda yetu nilipokuwa na mimba ya Charline. Alivikusanya vifuniko kwenye baa ya Munezero, akavikandamiza kimoja kimoja kabla simenti haijakauka. Alitaka mikono mitano ikamshinda, akaweka sita. Mkono wa mwisho ulipinda kwa sababu nilimwita kula. Avenyu nzima iliiita nyota ya mlevi, na yeye hata hakuwa mnywaji.

"Hii nyota naijua," Habarurema alisema kutoka juu, taratibu. "Nilikuwaka nairuka nikikuja kuomba chumvi. Muke wangu alikataza niikanyage, alisema utakasirika."

Kwenye ukuta wa shimo, ndani ya jiwe lenyewe, kulikuwa na mguu wa chuma umetokeza. Mguu wa kiti. Kijana akaushika avute.

"Acha!" nilipiga kelele. "Usiguse! Hapana, hapana, usiguse!"

Akaachia kama ameungua. Aliuliza wachimbe upande ule kidogo, waone kilicho nyuma yake. Nilisema hapana. Nimetaka kujua miaka yote hii, na nilipofika sentimita chache tu sikutaka tena. Kiti kinatazama barabara, mahali barabara ilipokuwa. Hiyo inanitosha.

Halafu nikapiga hesabu. Kama veranda yangu iko hapa kwa Habarurema, basi kwangu ni kwa Munezero. Na nyuma ya baa ya Munezero, upande wa chini, kulikuwa na nini? Banda la nguruwe! Niliwakumbuka, wanne, wachafu, wananuka mpaka kanisani. Miaka yote hii nimepiga magoti na maua juu ya nguruwe za Munezero. Nilicheka. Nilicheka mpaka vijana wakaangaliana, na Habarurema akashuka ngazi kunishika bega. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu, jinsi ambavyo sikupata kulia mwaka ule wenyewe, maana mwaka ule nilikuwa na mtoto mgongoni.

"Na mimi sasa," Habarurema alisema tulipokaa juu, "nyumba yangu ya zamani iko chini ya ile kanisa ya mabati pale. Muke wangu alibakia mule, na alikuwa anapenda kimya. Sasa wanamupigia ngoma usiku muzima." Nilimwona akitaka kucheka, ikamshinda.

22 Novemba

Mvua kubwa. Nilikuwa nimemaliza kufua. Nilifika mpaka ukutani na beseni, mikono tayari juu, nikaliteremsha chini.

Maji ya nguo. Maji ya vyombo. Maji ya kuoshea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, yenye magamba. Msimu huu wote nimekuwa namwagia mume wangu, kwa hasira, na nikirudi ndani nafurahi. Kataliko, nisamehe. Nilidhani namwagia jirani.

Na kama nisingemwaga, choo kisingebomoka, wala nisingekuona. Sijui niombe msamaha wa nini hasa.

23 Novemba, siku ya Mungu

Nimefagia kona. Najua kilicho chini yake, na nimeifagia.

3 Desemba

Habarurema amelijaza shimo. Aliwaleta vijana na mchanga laini, akaanza mwenyewe kumwaga wa kwanza kwa mikono, kisha wao. Choo atakichimba upande wa pili, kwenye jiwe gumu zaidi. Nilimwambia nitachangia. Alikasirika kweli, mara ya kwanza kumwona hivyo.

Nikamwambia habari ya mabeseni. Nilimwambia yote. Alitazama kofia yake.

"Nilijua ni wewe. Nilisema, mama wa watu ana uchungu, amwage tu."

"Na mutu wangu alikuwa chini yake."

"Mama Charline," alisema, "ile pahali sikuwahi kuipanda kitu, wala kuijengea. Sijue juu ya nini. Nilikuwa naweka kiti yangu pale jioni. Basi nilikuwa naangalia mutu wako bila kujua."

Tulikunywa chai hapohapo, sisi wawili, juu ya mchanga. Miaka mingi hivi nimemjua jirani huyu kupitia ukuta tu.

14 Desemba, siku ya Mungu

Nimemweleza Chance habari ya nguzo. Ameshika kichwa.

"Mama Mwalimu, tafazali, usiandike ile! Batu watatoa makaratasi, wataanza kupigana. Mwenye amejenga ghorofa atasema parseli iko ya nani?"

Nimefikiri siku nzima. Nimeandika hivi: "Mama Munezero alikuwa jirani wa Kanyere. Kanyere alikuwa jirani wa Habarurema. Volkano ilipita, tukapima upya, na baada ya kupima Kanyere alikuwa bado jirani wa Habarurema. Hilo halikuhama." Chance amesoma akasema ni sawa, ila ni fupi. Nimemwambia avenyu yenyewe ni fupi.

25 Desemba

Noeli. Habarurema alikuja na kuku, nikapika sahani mbili.

5 Januari

Binti wa Habarurema amekuja kutoka Rutshuru kumchukua. Amesema baba yake amezeeka, hawezi kuendelea kuishi peke yake. Ni kweli. Nilisaidia kufunga mizigo, nikiwa na hasira na kila kitu, hata na sufuria zake.

Langoni alinipa ufunguo.

"Sitauzisha. Bakia nao. Ile nyumba iko kwako, wewe mwenyewe uliona."

"Utarudi?"

"Mungu akipenda." Akavaa kofia, akapanda pikipiki nyuma ya binti yake. Hajui kupanda pikipiki, alimshika kama mtoto. Nilibaki barabarani mpaka mama muuza makaa akaniuliza kama nimepotea.

9 Januari

Kimya. Nimegundua nilikuwa nasikia kikohozi chake kila asubuhi, na nilikuwa naamka nacho.

17 Januari

Historia imesomwa parokiani leo asubuhi. Watu wamepiga makofi. Munezero aliletwa kutoka Katoyi, akanikonyeza jicho kutoka kwenye benchi ya mbele na kufunika mdomo kwa leso.

Jioni nilifungua lango la Habarurema, nikachukua kiti chake na kukiweka juu ya mchanga, nikaketi kutazama barabara ilipokuwa. Leo ndiyo siku yenyewe ya volkano. Charline akapiga simu, hajawahi kuisahau siku hii. Nikamwambia kila kitu: nguzo, nyota, kiti. Nilimsikia akipenga kamasi.

"Mama," akasema mwishowe, "basi haiko kwetu. Uzisha, ukuje. Na jirani ameenda. Sasa unabakia juu ya nini?"

Jibu lilitoka lenyewe.

"Nabaki kuangalia nyumba."

Niliposikia nilichosema nikashika mdomo. Charline naye, nadhani, alisikia, maana nimemsimulia jioni ile tangu akiwa mdogo. Hakunibishia tena. Aliniambia nijifunike, kuna baridi.

Nimerudi kwangu, nimekula, nimeosha sahani. Mvua imeshuka, ya nje ya msimu. Mfereji wa Habarurema umetapika maji yote kwenye ukuta wangu. Sikugonga. Hakuna wa kumgongea.

Nikachukua beseni la vyombo, nikapita na mvua mpaka kwenye kona, ile niliyoifagia miaka yote. Niliondoa kopo la maua nikaliweka pembeni, la kumpelekea Kataliko kesho ng'ambo ya ukuta. Halafu nikamwaga maji pale.